Shamba la Mikarafuu ni Nyumba ya Wengi



Safari hii hatutazungumza habari za bei, wala magunia, wala majamvi ya kuanikia. Tumependa tuzungumze habari za chungu. Twajua wako watakaocheka na kusema, "Leo waandishi wetu wamekosa la kuandika." Lakini twawaomba mtuvumilie mpaka mwisho, kwani habari hii ya chungu yagusa mfuko wa kila mmoja wetu, nasi tumeijua kwa kupata hasara.

Miaka michache iliyopita, siku za mavuno zilipokaribia, wachumaji walikataa kupanda mikarafuu iliyo upande wa bondeni wa shamba letu. Sababu yao ilikuwa maji moto. Hapana mwenye shamba asiyewajua chungu hao wekundu, wanaoshona majani yakawa viota juu ya mti. Mchumaji akifika tawini, akavuta tawi kwa kigoe chake, mara wamekwisha kumjaa mikononi na shingoni, na uchungu wake ni kama wa maji yaliyochemka, ndiyo maana wakaitwa jina hilo. Basi sisi tukafanya kama wafanyavyo watu wengi. Tukafunga makuti makavu kwenye ncha ya mti mrefu, tukayawasha, tukachoma viota vyote. Kwa siku mbili kazi ikaisha. Wachumaji wakapanda kwa raha, nasi tukajisifu kwa akili zetu.

Katika shamba hilohilo imo minazi, imechanganyika na mikarafuu kama ilivyo desturi ya visiwa vyetu. Haikupita miezi mingi, vidaka vikaanza kupukutika. Asubuhi ukipita chini ya mnazi wavikuta vimetapakaa, vingine havijafika hata ukubwa wa yai. Tukasingizia upepo. Tukasingizia kiangazi. Wako waliotuambia kwamba tumepigwa jicho. Na hasara ya vidaka si ya siku moja, maana kidaka kinachoanguka leo ni nazi utakayoikosa karibu mwaka mzima baadaye. Mavuno yetu ya nazi yakapungua vibaya, na kwa mkulima jambo hilo si la mzaha. Karafuu ni ya msimu, lakini nazi ni ya kila siku jikoni.

Aliyetufumbua macho ni mtoto. Kijana mmoja wa sekondari, mtoto wa mwanachama mwenzetu, alikuja shambani na daftari lake akasema, "Babu, mwalimu wa bayolojia katutaka kila mmoja achague shamba, atazame, aandike nani anakula nini." Tukamkaribisha. Akakaa chini ya miti siku mbili tatu, akiandika na kuchora. Siku ya mwisho akatuonyesha mdudu mwembamba wa rangi ya hudhurungi, wa jamii ya kunguni, aliyemkuta juu ya kidaka akikitoboa kwa mdomo wake mrefu. Akauliza, "Na huyu, babu, nani anamla?"

Hatukuwa na la kumjibu. Mla wake alikuwapo, nasi tulikuwa tumemchoma moto.

ELIMU YA NYUMBA

Kijana yule alikuwa akisoma elimu inayoitwa ikolojia. Jina hilo lilitungwa mwaka 1866 na mtaalamu Mjerumani, Ernst Haeckel, na asili yake ni neno la Kiyunani lenye maana ya nyumba. Kwa hiyo twaweza kuiita elimu ya nyumba, maana huchunguza jinsi viumbe wanavyokaa pamoja katika makao yao: nani jirani ya nani, nani anamlisha nani, nani anamzuia nani asizidi.

Basi tulitazame shamba la mikarafuu kwa jicho hilo. Sisi tukiulizwa shambani mna nini, twajibu, "Mikarafuu mia mbili." Jibu hilo ni kama mtu aulizwe nyumbani kwake mna nani, akataja milango na madirisha. Mikarafuu ni sehemu tu ya nyumba. Imo minazi, miembe, migomba na magugu. Wamo chungu, mchwa, jongoo, buibui, ndege, popo na mijusi. Wamo kuvu na vijidudu ambavyo macho hayavioni. Hao wote ni wenye uhai. Tena viko visivyo na uhai, navyo ni mvua, jua, upepo na udongo. Hivyo vyote pamoja, kwa jinsi vinavyotegemeana, ndivyo wataalamu wanavyoviita mfumo wa ikolojia.

Wahenga walisema kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hayo ni maneno ya kweli kwa wanadamu. Lakini katika nyumba hii ya shamba mambo ni kinyume, kwani hapana hata kiumbe mmoja asiyetegemea cha mwenziwe.

NANI ANAKULA NINI

Msingi wa nyumba ni majani mabichi. Mti wachukua mwanga wa jua, hewa na maji, ukajitengenezea chakula chake. Hapana kiumbe mwingine shambani awezaye kazi hiyo isipokuwa mimea na jamaa zake. Kwa sababu hiyo mimea huitwa wazalishaji, na sisi wengine wote, kuanzia kiwavi mpaka mwanachama wa chama hiki, ni walaji.

Walaji nao wana daraja zao. Kiwavi anakula jani. Buibui anamla kiwavi. Ndege anamla buibui. Mwewe anamla ndege. Huo ndio mlolongo wa chakula. Lakini kila apandapo daraja, chakula chapungua. Mlaji hutumia sehemu kubwa ya chakula chake kwa kutembea, kupumua na kujitunza, na kidogo tu ndicho kinachobaki kuwa mwili wake. Kwa makisio ya jumla, fungu moja tu katika kumi ndilo linalofika daraja ya juu yake. Tufanye hesabu kwa vipimo vyetu wenyewe: majani pishi elfu yatalisha viwavi pishi mia, viwavi hao watalisha buibui pishi kumi, na buibui hao watalisha ndege pishi moja. Ndiyo maana viwavi waweza kuwaona maelfu, na mwewe ukamwona mmoja akizunguka juu ya bonde zima.

Hesabu hii ina funzo. Wadudu walao mimea ni wengi na huzaana upesi. Wanaowala ni wachache, tena wengi wao huchukua muda mrefu zaidi kuongezeka. Ukipiga pigo moja ukawaua wote sawasawa, wa kwanza kurudi ni yule aliyekuwa akikutia hasara, na atarudi huku mlinzi wako hayupo.

Iko daraja nyingine ambayo mara nyingi hatuitaji, nayo ni ya waozeshaji. Jani la mkarafuu likianguka, halipotei. Jongoo hulitafuna, kuvu hulilainisha, vijidudu humaliza kazi, na mbolea yake ikarudi mizizini. Hata mchwa, tunayemlaani anapokata miche yetu, naye yumo katika kazi hiyo, maana ndiye anayevunjavunja kuti na kigogo kilichokufa. Mtu anayefagia majani yote chini ya mikarafuu akayachoma moto, huyo achoma chakula cha miti yake mwenyewe.

MAJI MOTO NA JIRANI ZAKE

Sasa turudi kwa chungu wetu. Mtaalamu Mwingereza, M. J. Way, alikaa Zanzibar akiwachunguza maji moto katika mikarafuu na minazi, na matokeo ya kazi yake yalichapishwa mwaka 1953 na 1954. Yule mdudu anayetoboa vidaka aliitwa kwa jina lake, na kwa wataalamu anajulikana mpaka leo kama Pseudotheraptus wayi. Mdudu huyo akifyonza kidaka huacha mate yenye sumu. Kidaka huanguka, na kama hakikuanguka, nazi hukua na makovu, pengine ikaumbuka. Way alionyesha kwamba minazi iliyokaliwa na maji moto ilinusurika na hasara hiyo kuliko minazi isiyo nao, maana chungu hawa huwinda usiku na mchana, na kunguni huyo hawezi kukaa mbele yao.

Si jambo geni duniani. Kitabu cha Kichina kinachohesabiwa kuwa cha mwaka 304 chataja wakulima wa machungwa wakinunua viota vya chungu wa jamii hii sokoni, wakavitundika mitini mwao ili wadudu wasiharibu matunda. Sisi twavipata bure, nasi twavichoma.

Kila koloni ya maji moto ni mji mzima. Ina viota vingi vilivyotawanyika katika miti kadhaa, wakazi wake waweza kuwa laki kadhaa, na malkia wao ni mmoja tu. Viota hushonwa kwa ustadi wa ajabu. Chungu wengine huvuta majani mpaka kingo zikutane, na wengine huwashika mabuu yao midomoni, wakawapeleka huku na huku kama fundi na sindano yake, maana mabuu ndio wenye kutoa uzi. Malkia akiungua, mji hauwezi kupata watoto tena wa kuendeleza kazi. Wafanyakazi waliosalia hupungua kidogo kidogo mpaka wamalizike. Na kwa kuwa hujui malkia yumo katika kiota kipi, ukichoma hata kimoja umecheza bahati nasibu.

Hata hivyo hatutaki kumsifu maji moto kupita haki yake. Yeye hufuga. Juu ya vijiti vya mkarafuu kuna vidudu vidogo vya magamba vinavyonyonya utomvu na kutoa maji matamu, na maji moto huvilinda ili apate utamu huo, kama mtu alindavyo ng'ombe wake. Way alivichunguza vidudu hivyo pia. Kwa hiyo mkarafuu hulipa kidogo kwa ulinzi unaopata, na mche mchanga uliojaa magamba waweza kudhoofika. Hilo nalo ni somo la ikolojia: ujirani wa viumbe mara nyingi huwa na faida na gharama, na mwenye busara hupima vyote viwili kabla ya kuwasha moto.

Tena maji moto ana hasimu wake. Ardhini wako chungu wadogo wa kahawia, ambao baadhi yao wana vichwa vikubwa. Hao na maji moto hugombea makao na chakula, na huo ndio tunaouita ushindani. Wale wa ardhini wakipata nguvu huwafukuza maji moto mitini, lakini wao wenyewe hawaulindi mnazi dhidi ya kunguni kama maji moto walivyokuwa wakifanya. Mwaka 2011 ilichapishwa kazi ya utafiti iliyofanywa katika michungwa pwani ya Tanzania, na jina la Way, ambaye sasa alikuwa mzee, lilikuwamo tena. Ilionekana kwamba pale ardhi ilipopaliliwa ikabaki tupu, chungu wa vichwa vikubwa waliwashinda maji moto. Palipoachwa majani ya chini, maji moto waliweza kukaa nao pamoja. Basi hata jembe letu linaamua ugomvi ambao hatujui kuwa upo!

NYUMBA YENYE NGUZO MOJA

Liko jambo jingine ambalo historia yetu yenyewe imetufundisha. Mkarafuu si mwenyeji hapa. Asili yake ni visiwa vya Maluku, katika nchi ya Indonesia. Mwaka 1770 Mfaransa Pierre Poivre alifanikiwa kuufikisha Mauritius, na mwanzoni mwa karne ya 19 ukafika kwetu kutoka visiwa vya Wafaransa vya Bahari ya Hindi. Ukastawi sana, tukaupanda kila mahali, na misitu mingi ikakatwa kuupisha.

Mwezi wa Aprili mwaka 1872 kimbunga kilipiga Unguja kikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa hicho. Pemba iliokoka kwa sehemu kubwa, na tangu hapo ikawa ndiyo mama wa karafuu. Fikirini, kama mikarafuu yote ingalikuwa Unguja peke yake, hadithi ingaliishia hapo. Kisha katika karne ya 20 ukaja ugonjwa wa kufa ghafla. Mti mkubwa, wenye afya machoni, ulinyauka na kufa kwa muda mfupi, na wa jirani ukafuata. Wataalamu Nutman na Roberts walieleza mwaka 1953 kwamba asili yake ni kuvu. Wako miongoni mwetu ambao babu zao waliona mabonde mazima yakigeuka kuni.

Maana ya matukio hayo ni moja. Shamba la mti wa namna moja ni nyumba yenye nguzo moja, na nguzo ikianguka, paa lote linakuja. Ugonjwa ukiingia huona meza imeandikwa, kila mti ni chakula chake. Lakini shamba lenye mikarafuu, minazi, miembe, mishelisheli na mdalasini lina nguzo nyingi. Hata moja ikianguka, mwenye nyumba hulala ndani.

Wala tusidhani kwamba kilichoharibika hakirudi. Wapemba wanamjua popo wao mkubwa, asiyepatikana popote duniani ila Pemba. Popo huyu hula matunda na kutawanya mbegu, ndiye mpandaji wa miti asiyelipwa ujira. Aliwindwa sana na msitu wake ukakatwa, hata mwishoni mwa miaka ya 1980 ikaogopwa kwamba atatoweka kabisa. Wanavijiji wakakubaliana kumlinda, kama walivyofanya watu wa Kidike, na hesabu za baadaye zikaonyesha kwamba amerudi kwa maelfu. Hakuletwa kutoka ng'ambo. Aliachwa tu akae nyumbani kwake.

TUFANYE NINI

Wanachama wenzetu, mchumaji anayeumwa na chungu ana haki ya kulalamika, na mwenye shamba ana haja ya kuchuma kabla karafuu hazijachanua. Hatusemi watu wavumilie tu. Twasema yapo mambo ya kufanya kabla ya moto.

Kwanza, mikarafuu yenye maji moto ichumwe asubuhi mapema, kukiwa bado na ubaridi, kwani wakati huo chungu hawa huwa wazito. Mchumaji avae mikono mirefu. Mwenye shamba naye akubali kumwongezea kidogo apandaye mti wenye chungu, maana hiyo kidogo ni rahisi kuliko nazi za mwaka mzima.

Pili, matawi yenye viota vinavyozuia kazi yaweza kukatwa kwa uangalifu na kuwekwa juu ya mti wa jirani usiochumwa siku hiyo, bali uwe ni mti wa koloni ileile, ambao chungu huonekana wakipita kutoka huu kwenda ule bila ugomvi. Ukiwapeleka kwa koloni ngeni watapigana mpaka kufa.

Tatu, chini ya miti tufyeke badala ya kulima mpaka udongo ubaki mtupu. Wakati wa kuchuma twahitaji pasafi ili karafuu zinazoanguka ziokotwe, lakini hapana haja ya kuwa hivyo mwaka mzima, wala shamba zima.

Nne, miche michanga itazamwe mara kwa mara. Ukiona magamba yamezidi, kata vijiti vilivyojaa, nao mche utapumua. Usipulize sumu shamba zima kwa ajili ya mche mmoja. Ukihitaji dawa, muulize kwanza bwana shamba ni ipi, kwa mti upi na kwa kiasi gani.

Tano, panapokufa mkarafuu, tupande mwingine, lakini tusisahau kupanda na mti wa namna nyingine karibu yake.

Nasi tumeanza kwa kujirudi wenyewe. Tuliacha kuchoma, tukaacha majani ya chini yakae, na maji moto wa shamba la jirani wakaanza kuvuka mpaka kwetu kidogo kidogo kwa njia ya matawi yanayogusana. Hawajaenea kote. Minazi ya upande wa mpakani imekwisha kukaliwa, na chini yake asubuhi hatuokoti vidaka vingi kama zamani. Ile ya upande wa bondeni bado yangoja, nasi twangoja pamoja nayo, maana kubomoa ni kazi ya siku mbili na kujenga ni kazi ya miaka. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu tunaye nyumbani.

Yule kijana amekwisha kupeleka daftari lake shuleni. Kabla ya kuondoka alituachia karatasi moja aliyoichora shamba letu: mikarafuu, minazi, chungu, kunguni, popo, mchwa, na mishale mingi ikitoka kwa huyu kwenda kwa yule. Pembeni alimchora mtu mwenye mwenge wa makuti mkononi. Tulimwuliza, "Na huyu ni nani?" Akacheka akasema, "Ni nyinyi, babu. Nanyi mmo katika nyumba."